Vidole viwili au ukingo? Kuchagua namna ya kuskroli kwenye tachipadi

Laptopu nyingi zinazouzwa Darajani, Mlandege au kule Chake Chake zimeshatumika nje kabla ya kufika visiwani, na kila moja huja na mipangilio ya mwenyewe wa kwanza. Unaweka vidole viwili kwenye tachipadi, unavivuta chini, na ukurasa unakwenda kinyume na ulivyotaka. Au hauendi kabisa. Au unaruka nusu ya waraka kwa mpapaso mmoja. Mtu aliyejifunza kuskroli kwenye simu huhisi mashine ni mbovu, hununua kipanya cha waya, na tachipadi inabaki pambo. Mara nyingi mashine ni nzima. Kinachotakiwa ni kuchagua vitu vitatu: njia ya kuskroli, mwelekeo wake, na kasi.

Vitatu hivyo havina uzito sawa. Njia huamuliwa zaidi na kifaa kuliko matakwa yako. Mwelekeo ni mazoea, na mkono wowote unaweza kuzoea wowote. Kasi ndiyo inayochosha kidole baada ya saa nne za kazi, na hapo ndipo mifumo ya kompyuta inapoachana sana. Kwa hiyo anza na kifaa chenyewe.

Tachipadi yako inaona vidole vingapi?

Chini ya tachipadi kuna gridi ya nyaya nyembamba zinazopima mabadiliko madogo ya umeme kidole kinapogusa. Pedi za zamani ziliweza kueleza nukta moja tu: kidole kiko hapa. Zikiguswa na viwili, hutoa wastani wa vyote au hukisia kwa upana wa mguso. Pedi za sasa hufuata kila kidole peke yake. Kama yako ni ya kundi la kwanza, hakuna mpangilio utakaoigeuza, na kuhangaika na mambo ya vidole viwili ni kupoteza jioni.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika:

`ms-settings:devices-touchpad`

Ukurasa wa tachipadi utafunguka. Katika Windows 10, ukiona juu yake maneno "Your PC has a precision touchpad", basi pedi yako ni ya aina ambayo Microsoft iliianzisha na Windows 8.1 mwaka 2013: Windows yenyewe ndiyo inayosoma vidole, si draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya kampuni iliyotengeneza pedi. Kama maneno hayo hayapo na ukurasa una swichi moja au mbili tu, mipangilio yako iko mikononi mwa draiva ya kampuni. Rudi kwenye Windows na R, andika `main.cpl`, uende kwenye kichupo cha mwisho. Hapo utakuta jina la ELAN, nembo ya Synaptics, au maneno "Device Settings".

Kwenye Linux, mfumo wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, ni wazi zaidi. Katika matoleo yake ya Mint, Ubuntu na Debian, fungua dirisha la amri (Terminal) uandike:

`sudo apt install libinput-tools`
`sudo libinput list-devices`

Tafuta kifaa chenye neno Touchpad katika jina lake, kisha mstari wa "Scroll methods". Ukisoma `*two-finger edge`, pedi inaweza njia zote mbili, na nyota inaonyesha ile ya kuanzia. Ukisoma `*edge` peke yake, pedi inaona kidole kimoja, na uchaguzi wako wa njia umekwisha hapo.

Tunaitaja Linux kwa uzito kwa sababu ya hali ya soko letu. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa za kizazi cha 8 au zaidi. Mashine nyingi za mitumba hazifiki huko, na wengi wanazihamishia Linux Mint ili ziendelee kufanya kazi salama. Kitu cha kwanza wanachokikuta kimebadilika ni tachipadi.

Vidole viwili dhidi ya ukingo

Kuskroli kwa ukingo ni kidole kimoja kinachopanda na kushuka kwenye utepe mwembamba upande wa kulia wa pedi. Katika libinput, maktaba inayosoma tachipadi kwenye Linux za sasa, utepe huo una upana wa milimita 7. Utepe wa chini, wa kwenda kushoto na kulia, haupo kabisa kama pedi haifiki urefu wa milimita 40, maana ungekula nafasi ya kishale. Ndiyo maana kwenye laptopu ndogo ukingo wa kulia unafanya kazi na wa chini haufanyi.

Kuskroli kwa vidole viwili hakuna utepe. Popote vidole vinapotua, ukurasa unasogea, kwenda juu, chini, kushoto au kulia. Jedwali pana la Excel lenye nguzo arobaini linasomeka vizuri hivi, kwa sababu huhitaji kuitafuta ile baa nyembamba ya chini kwa kishale.

Uamuzi wetu: kama pedi inaona vidole viwili, tumia vidole viwili. Ukingo una kasoro moja isiyotibika, nayo ni kwamba eneo la kuskroli na eneo la kishale ni kitu kimoja. Ukipeleka kishale kulia kufunga dirisha, kidole kinaingia kwenye utepe na ukurasa unaruka. Kiganja cha mkono wa kulia kikipumzika pembeni wakati wa kuchapa, vivyo hivyo.

Hata hivyo kuna watu ambao ukingo unawafaa kweli, na wasione haya kuuchagua. Mwenye kidole kilichofungwa bendeji, mwenye maungo yanayouma asiyeweza kunyoosha vidole viwili pamoja, na mwenye pedi ndogo sana ambayo vidole viwili vinaijaza. Katika libinput huwezi kuwasha njia zote mbili kwa pamoja. Draiva ya zamani ya Synaptics kwenye Linux iliruhusu hilo, na baadhi ya draiva za kampuni kwenye Windows bado zinaruhusu. Windows 10 yenye pedi ya precision haina ukingo katika mipangilio yake.

Vidole viwili navyo vina matatizo yake, na karibu yote yana dawa.

La kwanza ni vidole kubanana. Pedi ya bei nafuu ikiona vidole vilivyogandana huvihesabu kimoja kinene, na kishale ndicho kinachotembea badala ya ukurasa. Acha nafasi ya takriban sentimita moja kati yao, na uvitue kwa wakati mmoja. Kidole kimoja kikitangulia, pedi huanza kusogeza kishale kabla cha pili hakijafika.

La pili ni menyu kuchomoza katikati ya kusoma. Hii hutokea kwa sababu mguso mfupi wa vidole viwili ni sawa na kubofya kulia. Ukivitua ukavinyanyua bila kusogea, menyu inafunguka. Kwenye Windows ondoa alama kwenye "Tap with two fingers to right-click", kisha tumia kona ya chini kulia ya pedi kwa kazi hiyo.

La tatu ni ukurasa kukua au kusinyaa ghafla. Vidole visipokwenda sambamba, pedi hudhani unakuza picha. Kwenye Windows zima "Pinch to zoom" iliyo katika sehemu ya kuskroli na kukuza. Kama ukubwa umeshaharibika kwenye kivinjari, Ctrl pamoja na 0 hurudisha asilimia 100. Angalia pia kama kitufe cha Ctrl hakijakwama, hasa kwenye kibodi iliyomwagikiwa chai, kwa sababu Ctrl na kuskroli maana yake ni kukuza.

Kuvuta jamvi au kutembea juu yake

Chukua jamvi refu la karafuu lililotandazwa juani, nawe umesimama katikati, unaziona zile tu zilizo mbele ya miguu yako. Unataka kuziona zilizo mbali zaidi. Ama unalishika jamvi na kulivuta kuja kwako, ama jamvi linabaki pale na wewe unatembea kwenda mbele.

Kuvuta jamvi ndio mwelekeo unaoitwa wa asili. Vidole vinashuka, ukurasa unashuka navyo, na macho yanaona yaliyo juu. Ni kama simu. Kutembea juu ya jamvi ndio mwelekeo wa zamani, wa gurudumu la kipanya: vidole vinashuka, dirisha la macho linashuka, na ukurasa unapanda. Apple iliufanya mwelekeo wa asili kuwa wa kawaida kwenye kompyuta zake mwaka 2011, katika Mac OS X Lion, na wengine wakafuata polepole kwenye tachipadi.

Maneno ya Windows katika sehemu hii huwachanganya watu wengi. "Down motion scrolls up" ni kuvuta jamvi. "Down motion scrolls down" ni kutembea. Soma upande wa kushoto kama mwendo wa vidole na upande wa kulia kama mwendo wa macho yako kwenye waraka, na hutakosea. GNOME za karibuni (GNOME ni mojawapo ya mazingira ya mezani ya Linux, yaani madirisha na menyu unazoziona) zimeondoa fumbo hilo: katika Mouse & Touchpad kuna picha mbili zinazotembea, moja "Natural" na nyingine "Traditional".

Nani achague upi? Mwanafunzi wa Tunguu mwenye laptopu moja na simu, asiyegusa kipanya, achukue mwelekeo wa asili. Mkono wake umeshaujua. Karani anayeshinda na kipanya ofisini Vuga na kurudi na laptopu hiyohiyo nyumbani ana kazi zaidi ya kufikiri, na hapa watu hugawanyika. Wapo wanaotaka kila kitu kiende upande mmoja. Sisi tunaona tachipadi ya asili na gurudumu la zamani vinaweza kuishi pamoja bila kusumbua, kwa sababu mkono unavitambua kuwa vifaa viwili: kwenye pedi ngozi inaushika ukurasa, kwenye gurudumu unazungusha mashine. Kinachosumbua kweli ni kubadilisha mwelekeo wa pedi leo na kuurudisha kesho. Chagua mmoja, uupe wiki nzima, hata kama siku mbili za mwanzo utakosea kila dakika.

Shida ni kwamba si kila mfumo unakuruhusu kutenganisha. Windows na mazingira yote makubwa ya Linux huweka mwelekeo wa pedi mbali na wa kipanya. Mac ina swichi moja, "Natural scrolling": inaonekana kwenye ukurasa wa Trackpad na wa Mouse, lakini ukiigusa huku na kule inabadilika. Anayetaka kutenganisha kwenye Mac hutumia programu ndogo ya bure kama Scroll Reverser.

Kwenye Windows 10, kinyume chake, tachipadi ina swichi na kipanya hakina. Kugeuza gurudumu inabidi ufungue `regedit`, programu ya kuhariri rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), na ufuate njia hii:

`HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Enum\HID`

Ndani yake tafuta kifaa cha kipanya chako, fungua Device Parameters, badilisha `FlipFlopWheel` kutoka 0 iwe 1, kisha washa kompyuta upya. Thamani hiyo hufungamana na kipanya na tundu la USB ulilochomeka, kwa hiyo ukihamisha kipanya tundu jingine kinaweza kurudi kilivyokuwa. Watu wengi hudhani mabadiliko yamefutika, kumbe yako kwenye tundu la jana.

Kasi: hapa ndipo pa kuangalia kabla ya kuchagua mfumo

Katika jedwali hili, KDE Plasma, Xfce na Cinnamon ni mazingira mengine ya mezani ya Linux kama GNOME. X11 na Wayland ni mifumo miwili ya chini yake, ya zamani na mpya, inayochora madirisha na kupokea miguso.

| Mfumo | Ukingo | Mwelekeo wa pedi na kipanya | Kasi ya kuskroli kwenye pedi |
|---|---|---|---|
| Windows 10, pedi ya precision | Hakuna | Mbalimbali, lakini cha kipanya ni kwa rejista | Hakuna kipimo chake |
| Windows, draiva ya ELAN au Synaptics | Mara nyingi upo | Hutegemea draiva | Mara nyingi ipo ndani ya dirisha la draiva |
| macOS | Hakuna | Swichi moja kwa vyote | Ipo, chini ya Accessibility |
| GNOME | Upo | Mbalimbali | Hakuna |
| KDE Plasma kwenye Wayland | Upo | Mbalimbali kwa kila kifaa | Ipo, kitelezi |
| Xfce na Cinnamon kwenye X11 | Upo | Mbalimbali | Kwa amri |

Kama kasi ya kuskroli ndiyo inayokuudhi na unataka Linux, KDE Plasma ina jibu bila kuandika amri yoyote. Fungua System Settings, sehemu ya Touchpad, na kitelezi cha kasi ya kuskroli kipo kando na cha kasi ya kishale. Kutochanganya hivyo viwili ni muhimu. Kwenye mifumo mingi watu huongeza kasi ya kishale wakitumaini ukurasa utakwenda haraka, na mwisho wake kishale kinaruka kama panzi na ukurasa uko vilevile.

GNOME ni nzuri na imetulia, lakini kitelezi hicho haina. Unachoweza kufanya ni kurekebisha ndani ya programu. Kwenye Firefox, andika `about:config` katika upau wa anwani, kubali onyo, kisha tafuta:

`mousewheel.default.delta_multiplier_y`

Thamani ya kawaida ni 100. Jaribu 60 kama ukurasa unakimbia, 150 kama unakokota. Itagusa pia gurudumu la kipanya ndani ya Firefox, basi usishangae.

Kwenye Mint yenye Cinnamon au Xfce, ukiwa X11, kuna njia nzuri isiyojulikana sana. Kwanza hakikisha uko X11:

`echo $XDG_SESSION_TYPE`

Ikijibu `x11`, endelea. Ikijibu `wayland`, amri za `xinput` hazitabadilisha pedi hata zikikubali kuendeshwa. Kisha:

`xinput list`
`xinput list-props "Jina la tachipadi"`
`xinput set-prop "Jina la tachipadi" "libinput Scrolling Pixel Distance" 30`

Kipimo hiki kinasema vidole vitembee umbali gani kabla ya kuhesabiwa hatua moja ya gurudumu. Kawaida ni 15, na huanzia 10 mpaka 50. Namba kubwa hupunguza kasi. Kama `list-props` haikionyeshi kabisa, draiva yako ni ya toleo la zamani na lazima uisasishe pamoja na mfumo wote.

Kwenye Mac nenda System Settings, Accessibility, Pointer Control, kisha Trackpad Options. Hapo kuna kasi ya kuskroli na pia swichi ya kuteleza, yaani ukurasa kuendelea kusogea baada ya vidole kunyanyuka. Wanaosoma nyaraka ndefu hupenda kuteleza. Wanaojaza majedwali huumia nako: wananyanyua vidole wakidhani wamefika mstari wa 212, na jedwali linakwenda mistari mingine kumi. Ukurasa unaoteleza husimama ukiweka kidole juu ya pedi. Na usibonyeze Ctrl kabla haujasimama, maana kwenye baadhi ya mifumo mtelezo uliobaki hugeuka kuwa kukuza.

Kwenye Linux yenye libinput, kuteleza hakutoki kwenye draiva. Programu yenyewe ndiyo inayoamua. Kwa hiyo kivinjari kinaweza kuteleza vizuri huku dirisha la amri likisimama papo hapo, na hiyo si hitilafu ya pedi.

Upande wa Windows, kile kipimo cha mistari mitatu kwa mzunguko kilicho kwenye ukurasa wa Mouse kiliwekwa kwa ajili ya gurudumu. Programu nyingine hukifuata hata kwa pedi, nyingine hazikijali. Kijaribu kwa kushusha kutoka 3 hadi 1 katika programu unayoitumia sana kabla ya kukata tamaa.

libinput au Synaptics kwenye Linux

Maelezo mengi ya zamani mtandaoni yatakuambia usakinishe draiva ya Synaptics ili upate `synclient`, amri ya kubadilisha vipimo vyake. Draiva hiyo ina vipimo vingi kweli: `VertScrollDelta` kwa kasi, ambapo namba ndogo ni haraka zaidi na alama ya kutoa mbele yake hugeuza mwelekeo; `CoastingSpeed=0` kwa kuzima mtelezo; hata kuskroli kwa kuzungusha kidole duara. Mwenye pedi ya zamani ya kidole kimoja anaweza kuipenda kwa sababu hiyo ya duara peke yake.

Lakini imebaki kwenye matengenezo tu, haifanyi kazi Wayland, na kuizuia pedi isiguswe na kiganja haiwezi kama libinput. Pia inaleta tatizo moja linalopoteza saa za watu. Ukiisakinisha, faili lake la mipangilio lina namba kubwa kuliko la libinput, na X11 husoma mafaili kwa kufuata namba, la mwisho likishinda. Kuanzia hapo amri za `xinput` zinazotaja sifa za libinput zinajibu kwamba sifa hiyo haipo, na mazingira ya mezani yanaweza kuonyesha swichi zisizofanya kitu. Suluhisho ni kuiondoa, kisha kutoka kwenye akaunti na kuingia tena:

`sudo apt remove xserver-xorg-input-synaptics`

Ukishapata mpangilio unaoupenda kwenye X11, uandike katika faili ili usipotee kompyuta ikizimwa. Tengeneza `/etc/X11/xorg.conf.d/90-tachipadi.conf`, na kama folda haipo iunde kwanza:

```
Section "InputClass"
    Identifier "tachipadi"
    MatchIsTouchpad "on"
    Driver "libinput"
    Option "ScrollMethod" "twofinger"
    Option "NaturalScrolling" "true"
    Option "Tapping" "on"
EndSection
```

Hakikisha umeandika EndSection. Ikikosekana, X11 inaweza kukataa kuanza, na utabaki na skrini nyeusi mpaka ulifute faili hilo kupitia Ctrl, Alt na F3.

Kabla ya kulaumu mpangilio: chaja, betri na unyevu

Kuna tatizo moja la hapa kwetu ambalo hakuna swichi itakayolitibu. Soketi zetu ni za matundu matatu ya Kiingereza, na chaja nyingi za mitumba kutoka bara la Ulaya zina plagi ya duara ambayo ethi yake iko pembeni. Ukiiingiza kwa adapta ya bei rahisi, umeme unapita lakini ethi haipiti. Chasisi ya laptopu inabaki ikielea na umeme mdogo sana, ule unaotekenya ukipapasa bati lake, na tachipadi inayopima umeme wa kidole inasoma kelele hizo kama miguso. Ukurasa unatetemeka, kishale kinaruka, vidole viwili vinahesabiwa vitatu.

Kipimo chake ni dakika moja: chomoa chaja, tumia betri. Ukurasa ukitulia, usiguse mipangilio. Badilisha waya wa ukutani peke yake. Chaja nyingi zina waya unaochomoka wenye kichwa cha matundu matatu, na waya kama huo wenye plagi ya Kiingereza yenye fyuzi hupatikana kwa mafundi. Epuka ile ya matundu mawili, haina ethi tangu kiwandani.

Kama pedi imeinuka upande mmoja, haibonyeki, au kifuniko cha chini kimebenuka, zima mashine. Kwenye laptopu nyingi betri iko chini ya tachipadi au karibu nayo, na betri iliyovimba huisukuma juu. Usiikandamize irudi mahali pake na usiitoboe. Mpelekee fundi aitoe.

Wakati wa masika, na kwa wanaokaa karibu na pwani, unyevu na chumvi hujenga utando juu ya pedi, hasa kwenye ukingo wa kulia ambao vidole havipiti sana. Mwenye kuskroli kwa ukingo ndiye anayeumia kwanza. Zima mashine, futa kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti, usimimine kitu moja kwa moja juu ya pedi, uache ikauke. Ile nailoni ya kukinga iliyobandikwa dukani pia iondoe: ikishaingia hewa chini yake, pedi haioni kidole sawasawa.

Na kama kuskroli kunakufa kila mashine inapoamka usingizini, pedi imelala haikuamka. Kwenye Windows fungua Device Manager, Human Interface Devices, kisha I2C HID Device, na katika Power Management ondoa alama ya kuruhusu kompyuta kukizima ili kuokoa umeme. Kwenye Linux, kwa pedi za zamani zinazounganishwa kwa njia ya PS/2:

`sudo modprobe -r psmouse && sudo modprobe psmouse`

Kwa zile zinazounganishwa kwa njia ya I2C weka `i2c_hid_acpi` mahali pa `psmouse`.

Kompyuta moja, mikono miwili

Mapokezi ya hoteli kule Nungwi au Paje, kaunta ya tiketi, ofisi ya skuli: kompyuta moja, watu wa zamu mbili, na kila mmoja anageuza mwelekeo wa mwenzake. Msigombane juu ya mwelekeo. Fungueni akaunti mbili. Kwenye Windows, GNOME na KDE, mipangilio ya pedi hukaa kwenye akaunti ya mtu, kwa hiyo kila mmoja akiingia anakuta yake. Lile faili la `90-tachipadi.conf` tu ndilo linalogusa kila mtu, kwa hiyo kwenye mashine ya pamoja liepukeni.

Ikiwa ni kompyuta ya mezani isiyo na pedi, Magic Trackpad ya Apple hutambuliwa na kerneli (kiini cha mfumo) za Linux za sasa bila kusakinisha kitu, na mpangilio wake huonekana palepale kwenye ukurasa wa Touchpad. Kwenye Windows ya kawaida haipati draiva ya Apple moja kwa moja, kwa hiyo pedi ya nje ya USB inayojitangaza kuwa ya precision ndiyo salama zaidi kununua. Muulize muuzaji aichomeke mbele yako, ufungue ukurasa wa tachipadi, uone kama "Drag two fingers to scroll" inatokea.

Na mwenye GNOME aliyechezea sana mpaka hajui tena alichokibadilisha, amri hii inarudisha pedi ilivyokuwa siku ya kwanza, bila kugusa kipanya wala kibodi:

`gsettings reset-recursively org.gnome.desktop.peripherals.touchpad`